Kompyuta inaweza kumskia mwanangu? Maswali yenu kuhusu kaakaa na matamshi

Mwezi huu meseji zenu nyingi zimegusa jambo moja, watoto waliozaliwa na mpasuko wa mdomo au wa kaakaa na namna wanavosema baada ya oparesheni. Mimi nimefurahi, mana hii ndio kazi niliyoifanya miaka mingi, kukaa na watoto hawa kwenye chumba kidogo chenye kioo na kadi za picha, na huwa sipati nafasi ya kuieleza kwa urefu. Nimechagua meseji nne. Majina nimeyatoa, na baadhi nimezipunguza.

SWALI: Asalaam alaykum dada. Nipo Wete. Mwanangu wa kike ana miaka 6, alizaliwa na kaakaa wazi, mdomo wa nje mzima hauna kitu. Alifanyiwa oparesheni Dar akiwa na miaka miwili na nusu, daktari akasema imeshika, na kweli ukimfunua kinywa huoni tundu. Lakini anasema puani mpaka leo. Skuli wanamwita King'ong'o, chuoni zamu yake ikifika ustadhi anamruka. Shemeji yangu alioko Muscat kaniambia sa hizi kuna kompyuta mtoto anasema tu kisha inakwambia ana tatizo gani na dawa yake. Na kwenye simu naona programu wanaiuza. Niinunue? – Mama, Wete

JIBU: Waalaykum salaam mama. Hio ya kwenye simu usiinunue, pesa yako iweke nauli ya boti. Lakini shemeji yako hajakudanganya, kompyuta zinazopima sauti za watoto hawa zipo kweli na zinasaidia, ila hazifanyi hicho alichokwambia. Ntakueleza taratibu mana ukilifahamu hili utajua wapi pa kwenda na nini cha kuuliza.

Kaakaa lina sehemu mbili, ya mbele ngumu, na ya nyuma laini inayoishia na kimio. Ile laini ni mlango. Ukisema p, b, t, d, k, s, f mlango unapanda na kurudi nyuma mpaka unagusa ukuta wa koo, pua inafungwa, hewa yote inatokea mdomoni. Ukisema m, n, ny na ng' mlango unashuka na sauti inapita puani. Sisi tuliosoma tajwidi, elimu ya kusoma Qur'ani kwa matamshi yake, hili hatuhitaji kufundishwa na mtu, ni ghunna. Nuni na mimu zina ghunna yake, inatoka khayshum, ndani ya pua, na ni haki yake. Sasa mtoto ambaye mlango wake haufungi anakuwa na ghunna kwenye kila herufi, mpaka kwenye bei na sini ambazo hazina haki nayo kabisa.

Na hapa ndipo wazazi wengi wanapochanganyikiwa: tundu kuziba sio sawa na mlango kufunga. Oparesheni inaweza kushika vizuri sana lakini nyama ikawa fupi, haifiki ukutani, au misuli yake haivuti inavotakiwa. Hesabu inayotajwa sana kwenye kazi yetu ni watoto 20 mpaka 30 kwa kila 100 wanabaki na shida ya mlango baada ya oparesheni ya kwanza. Kwaio huyo wako hayuko peke yake wala daktari hakukudanganya aliposema imeshika.

Umri nao una mchango, siwezi kukuficha. Kuna utafiti mkubwa ulitoka 2023, watoto 558 wa nchi za Ulaya na Brazil, nusu walifanyiwa oparesheni wakiwa na miezi 6 na nusu wakiwa na miezi 12, kisha wakaskilizwa walipofika miaka 5. Waliowahi, karibu 9 kwa kila 100 mlango wao haukuwa unatosha, waliofanyiwa kwa miezi 12 wakawa 15 kwa kila 100. Miaka miwili na nusu imechelewa, lakini najua Pemba na Dar ni wapi na wapi na najua mtoto mchanga mwenye uzito mdogo hapelekwi tiyeta tu. Nayasema haya kwa ajili ya mama mwengine anaesoma hapa na ana mtoto wa miezi minne mkononi, asingoje.

Kuna jambo la pili, na hili ndio linalonikosesha usingizi kuliko la kwanza. Mtoto mwenye kaakaa wazi akianza kusema anataka kutoa p, hewa inamkimbia puani, p haitoki. Basi akili yake inamtafutia njia nyengine, anaikata hewa chini kabisa kooni kabla haijafika penye tundu, na kinachotoka ni hamza. "Paka" inakuwa "a'a" na hamza katikati. S nayo anaifanyia kooni, inatoka kama ile hee ya Muhammad. Baadae tundu linazibwa, lakini mtoto ameshazoea njia yake, anaendelea nayo hata kama mlango sasa unafunga barabara. Mazoea haya hayaondoki kwa kisu, yanaondoka kwa kufundishwa, wiki kwa wiki, herufi kwa herufi. Na ule mlango mfupi hauondoki kwa mazoezi hata ungemfundisha miaka kumi, ule unataka kisu tena. Ukichanganya hivi viwili unampotezea mtoto miaka yake, na mimi nimeona mtoto kapelekwa tiyeta mara mbili kumbe alikuwa anahitaji mtu wa kukaa nae na kadi za picha, nikaona na mwengine kafanyishwa mazoezi mpaka akachukia kusema, kumbe nyama haifiki.

Sasa kompyuta inaingia wapi. Chombo cha zamani kabisa na kinachojulikana ni Nasometer, msingi wake alianza nao Mmarekani Samuel Fletcher tangu kwenye miaka ya 1970. Mtoto anavaa kitu kama hatamu kichwani, mbele kina kibao kinakaa kati ya pua na mdomo wa juu, juu ya kibao maikrofoni moja ya pua, chini yake moja ya mdomo. Anasoma au anafuatisha sentensi. Kompyuta inachukua sauti ya pua, inaigawa kwa sauti ya pua na mdomo zikiwa pamoja, inakupa asilimia. Basi, ni hesabu ya darasa la tano. Kwa Kiingereza cha Marekani mtu mzima wa afya akisoma kipande kisichokuwa na m wala n anapata kama asilimia 15 au 16, akisoma sentensi zilizojaa m na n inafika kama 61. Kwenye kile kipande kisicho na m wala n wengi wanachukulia kuwa ikipita 32 kuna jambo la kuangaliwa.

Faida yake ni nini, sikio si lipo? Lipo, na mpaka leo sikio la mtu aliefundishwa ndio hakimu. Lakini masikio hayakubaliani. Mkae watu watatu mskilize mtoto mmoja, mmoja atasema kidogo, mwengine wastani, wa tatu atasema sana, na mimi mwenyewe asubuhi nilisema wastani na jioni nikirudia rikodi nasema kidogo. Namba inakusaidia kufatilia: kabla ya oparesheni alikuwa 48, baada ya miezi sita yuko 27, unajua imefanya kazi. (Hizo mbili nimezitunga kwa mfano tu.)

Ila namba haioni mlango. Haikwambii nyama ni fupi au haivuti au tundu dogo limejificha nyuma ya meno. Hilo linaonekana kwa kamera nyembamba inayopitishwa puani, au kwa eksirei ya video, mtoto akiwa anasema. Na ile hamza ya kooni inaweza kuidanganya kabisa, mana sauti ikikatwa kooni hakuna hewa inayokwenda puani, namba inashuka, karatasi inasema afadhali na mtoto hafahamiki hata na mama ake. Hio ndio sababu nakwambia usinunue programu ya simu inayokupa jina la ugonjwa na dawa. Simu inaskia pua na mdomo kwa pamoja, haina kibao cha kuzitenga, na nyingi zimefundishwa kwa sauti za watu wazima wanaosema Kiingereza.

Leo jioni fanya hivi, hakina gharama. Chukua kioo kidogo kile cha wanja, kiweke kwenye friji kidogo kipoe, mkalishe mwanao mbele yako, kiweke chini ya pua na umwambie aseme "sita saba sita saba". Hakuna m wala n hapo. Kioo kikifanya ukungu wakati anasema, hewa inapita puani. (Mwache asipumue kwanza, mana pumzi ya kawaida pia inafanya ukungu, nimeshaona wazazi wamelia kwa sababu ya pumzi.) Kisha mbane pua kwa vidole arudie tena. Ikiwa sauti inabadilika sana ukimbana, mlango hauzibi. Ikiwa haibadiliki lakini herufi ndio hazipo, skiliza kama zinakatwa kooni. Andika ulichokiona kwenye daftari, na tarehe.

Halafu nakuomba mambo mawili. La kwanza masikio yake yapimwe hapohapo Pemba, watoto wa kaakaa wazi wanajaa maji nyuma ya ngoma ya sikio bila kuumwa wala kutoka usaha, na mtoto asieskia vizuri hawezi kurekebisha herufi. La pili rudi kwa waliomfanyia oparesheni, kama ni CCBRT au Muhimbili au pengine popote, pigeni simu kwanza musije mkapanda boti bure, na uliza kwa maneno haya: "Kaakaa laini linafunga akisema, au halifungi? Mumeangalia kwa kamera?" Usikubali jibu la "tundu limeziba", hilo ulishalijua.

Na ustadhi, mama, kaongee nae. Mwambie kwa lugha yake, kwamba mtoto ana ghunna isiyokuwa yake na hamza isiyokuwa yake na ni maradhi, sio uvivu. Watu hawa wana sikio la makharij, yaani mahali kila herufi inapotokea, kuliko wengi tuliosomea kazi hii. Amuanzishe kwenye mimu na nuni, ambazo mwanao anaziweza vizuri kama mtoto yoyote, asome mbele ya wenzake na wamskie.

SWALI: Mimi ni mwalimu skuli moja ya msingi huku Makunduchi. Nna mwanafunzi wa darasa la tatu anasema puani, wazazi wake wavuvi hawana uwezo wa kwenda mjini kila mara. Nna simu nzuri. Naweza kumrikodi nikawatumia wataalamu wakampima kwa kompyuta huko waliko? Na nimwambie aseme nini? – Mwalimu, Makunduchi

JIBU: Mwalimu, unaweza, na wataalamu wa matamshi nchi hii ni wachache mno hata rikodi nzuri kutoka skuli ya kijijini ni kitu cha thamani. Rikodi mbaya lakini inapoteza muda wa kila mtu, kwaio nisamehe nikiwa mrefu.

Anza na wazazi, wape habari kamili na wakubali wao, na mtoto mwenyewe umuulize. Sauti na sura yake zisiende kwenye grupu la walimu wala statusi, hata kwa nia njema ya kumchangia.

Tafuta chumba chenye vitu vya nguo ndani, mapazia, magodoro, mazulia, mana darasa tupu la ukuta wa simenti na bati linarudisha sauti. Zima feni. Ngoja adhana imalizike. Simu iwe kama shibiri moja na nusu kutoka mdomoni, pembeni kidogo isipigwe na pumzi, na usiishike mkononi, iegemeze kwenye vitabu. Rikodi kwa programu ya kurekodi yenye kuhifadhi faili la WAV, lile lisilobana sauti. Tafadhali usitumie voisi noti ya WhatsApp: ile inabana sauti ipate kuwa ndogo, na katika kubana inatupa zile sauti kali za juu, na ule mchuzo wa hewa unaotoka puani kwenye s na f uko hukohuko juu. Yaani inakuondolea kile unachokitafuta. Faili ukishalipata litume kama dokumenti, halibanwi.

Sasa aseme nini. Hapa Kiswahili chetu kina mtego ambao vipimo vya Ulaya havikuufikiria. Kiingereza ni rahisi kupata kipande kizima hakina m wala n. Kiswahili je? Mtu, mtoto, nyumba, ndizi, mbuzi, nazi, na kitendo chochote ukikisema kwa sasa hivi unaingiza -na-: anapika, anakula, anakwenda. Mtoto mwenye afya kamili akikusimulia alivokwenda Forodhani kula urojo puani mutapita sauti nyingi tu, na ni sawa, ndio lugha. Ukimpima kwa hadithi hio namba inapanda na utasema mgonjwa. Basi tunakwenda kwa -li-. Mimi nilizoea kutumia hizi:

Babu alibeba boga.
Dada alipika pweza.
Kaka alikata keki.
Saida alisafisha sufuria.

Angalia, kila moja inashika sehemu yake, ya kwanza midomo, ya tatu nyuma ya ulimi, ya mwisho ule mchuzo wa s na f ambao mlango ukivuja kidogo tu unasikika. Ukibadili ukasema "dada anapika" umeshaharibu, n imeingia. Halafu mpe nyengine za kinyume chake, "mimi nina nanasi", "mama anamwona nani", hizo zinatakiwa zipite puani, na kama hazipiti pengine pua imeziba kwa mafua au nyama za puani, hilo ni tatizo jengine. Kila sentensi arudie mara tatu, usimsahihishe, usimwambie "sema vizuri". Mwisho mwache asimulie picha kwa dakika moja kwa uhuru wake, mana mtoto akifuatisha anajitahidi na akiwa huru ndio unamskia alivo. Ikiwezekana chukua na video ya uso kutoka mbele, wengine wanakunja pua na kukaza uso kujaribu kuizuia hewa, na hilo maikrofoni haiioni.

Kuna mtoto mmoja nilimrikodi kwa njia hii, miaka 5. Kwenye "boga" alishindwa, kwenye "pweza" akashindwa, tulipofika "sufuria" akashika pua yake mwenyewe kwa vidole viwili akasema sufuria safi kabisa kisha akaniangalia. Hakuna aliemfundisha. Rikodi ile ilimtosha daktari kuliko barua yangu ya kurasa mbili.

SWALI: Mimi nasoma kompyuta Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), mwaka wa mwisho. Mdogo wangu alizaliwa na mpasuko wa mdomo na kaakaa. Nataka projekti yangu iwe programu ya kupima matamshi ya watoto hawa kwa Kiswahili. Supavaiza anasema data hakuna, nibadilishe. Unanishaurije? – Kijana wa Tunguu

JIBU: Usibadilishe mwanangu, punguza tu. Supavaiza wako ana haki kwenye data, lakini kuna watu wameshapita njia hio.

Kule Erlangen, Ujerumani, Andreas Maier na wenzake walitengeneza mfumo wanauita PEAKS, maelezo yake kamili yalitoka 2009. Mtoto anaonyeshwa picha anazitaja, sauti inakwenda kwa intaneti, kompyuta iliofundishwa kutambua maneno inajaribu kuandika alichosema. Wazo lake ni jepesi na zuri sana: kompyuta ikishindwa kumfahamu mtoto, na watu pengine hawamfahamu. Wakahesabu maneno iliyoyapata, wakalinganisha na alama za wataalamu walioskiliza, zikakaribiana sana. Waliutumia pia kwa wazee waliotolewa zoloto kwa sababu ya saratani. Ubaya wake hauelezi kwa nini hafahamiki, pua au koo au meno.

Njia ya pili ndio inayokufaa wewe. Watu wa Arizona State University, Marekani, 2021, walikuwa na tatizo hilohilo la supavaiza wako, rikodi za wagonjwa ni chache. Basi wakaifundisha kompyuta kwa sauti za watu wenye afya, ambazo ziko tele, ijue tu herufi za puani zikoje na za mdomoni zikoje. Ikishajua, unampa mtoto wa kaakaa, na inapima b yake imeelekea upande wa m kiasi gani. Huhitaji rikodi elfu za wagonjwa kuifundisha, unahitaji chache za kuijaribia. Na Kiswahili chenye afya kipo, Common Voice ya Mozilla ina masaa mengi ya Kiswahili yaliyotolewa na watu kwa hiari na ni bure. Tahadhari moja, sauti hizo nyingi ni za watu wazima, na koo la mtoto ni fupi, sauti zake zinakaa juu, kompyuta isije ikaona utoto ni ugonjwa. Tafuta watoto wenye afya, hata ishirini thalathini wa mtaani kwenu, kwa ruhusa ya wazazi wao, uijaribu kwao kabla hujamgusa mgonjwa.

Kabla ya hayo yote kaa na Praat wiki mbili. Ni programu ya bure ya Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, inakuchorea sauti. Rikodi "baba" ya kwako, kisha "mama", ziangalie. Kwenye a inayokaa karibu na m utaona mkanda wa chini, karibu na hezi 250, umenenepa, na mikanda ya juu imefifia. Rikodi "baba" ya mdogo wako uilinganishe. Ukishaiona kwa macho yako hutopotea kwenye hesabu, mana vijana wengi mnaipa kompyuta kila kitu kisha hamjui imeshika nini, nimewahi kuletewa mfumo uliokuwa unatenga wagonjwa na wazima kwa asilimia 97 kumbe wagonjwa wote walirikodiwa chumba chenye AC na ilikuwa inaskia AC.

Na pima kazi yako kwa masikio, angalau watu wawili wanaojua, wasiojua nani kafanyiwa oparesheni na nani bado. Kama wawili hao hawakubaliani wenyewe kwa wenyewe, usiilaumu kompyuta kwa kutokukubaliana nao.

Jambo moja la Kiswahili ambalo Wazungu hawatokuletea: wazee wetu wengi wa pwani wanatofautisha paa la nyumba na paa mnyama kwa pumzi, yule mnyama p yake ina hewa nyingi inafuata. Sisi tunaofundisha watoto tunaitumia hio pumzi kuvunja hamza ya kooni, mana koo likiwa wazi kutoa hewa haliwezi kujibana wakati huohuo. Tunaanza na "ha", tunakwenda "pha", halafu ndio "pa". Kama mfumo wako utaweza kusema mtoto huyu p yake imekatwa kooni na huyu p yake imevuja puani, hata ukishindwa kila kitu chengine, niandikie nije nione.

SWALI: Mwanangu, mimi bibi nipo Mkoani. Mjukuu wangu ana miaka 4, kaakaa lake halina tundu na hajafanyiwa chochote lakini sauti yote puani. Watu wanasema akatwe kimio. Wengine wanasema mnunulie filimbi na mapovu apulize. Tufanye lipi? – Bibi, Mkoani

JIBU: Shikamoo bibi. Kimio msikikate, nakuomba kwa jina la Mungu. Kukikata hakuondoi king'ong'o, kunaleta kutokwa na damu na jeraha la koo, na kwa mtoto wa namna hii kunaondoa nyama kidogo alionayo.

Chukua tochi, mwambie aseme "aaa", kiangalie kimio chake. Kama kimegawika ncha mbili kama ulimi wa nyoka, na katikati ya kaakaa unaona mstari umefifia wa rangi ya buluu, kuna mpasuko uliojificha: ngozi imeungana juu lakini misuli ndani haijaungana. Unapita miaka haujulikani kwa sababu hakuna tundu la kuona. Daktari wa masikio, pua na koo anaujua, na kama kuna mtu atakwambia mtoto atolewe nyama za puani mueleze kwanza habari ya kimio, mana nyama zile pengine ndio zinazosaidia kuziba, zikitolewa sauti inazidi.

Filimbi na mapovu mwache acheze kwa furaha yake, hayadhuru, lakini hayatibu. Mlango ule kwenye kupuliza unafanya kazi nyengine na kwenye kusema nyengine, mtoto anaweza kupuliza mshumaa ukazimika na bado b yake ikatoka puani. Mpelekeni spitali hapo Mkoani wamtazame masikio na kaakaa, waombeni barua ya kwenda kwa mtaalamu, na yule mama wa Wete hapo juu kioo chake nakupa na wewe: sita saba, sita saba.